Mkoba wa Mwenye Maradhi ya Sukari

Katika nyumba zetu nyingi siku hizi hapakosi mtu mwenye maradhi ya sukari: huenda akawa baba, huenda akawa bibi, na huenda akawa kijana angali shuleni. Aghalabu mtu huyo amekwisha kupata mashine ya kupimia damu, na tabibu amemfunza namna ya kuitumia. Lakini ukiuliza mashine iko wapi, utaambiwa imo kabatini. Na mwenyewe yuko sokoni, au yuko safarini, au yuko arusini. Basi sisi twauliza: mashine iliyo kabatini humpimia nani?

Twaona watu huiacha nyumbani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni taabu ya kukusanya vitu vidogo vidogo kila mtu atokapo. Ya pili, nayo ndiyo kubwa zaidi, ni haya.

Ama taabu, waliotutangulia walikuwa na udhuru kuliko sisi. Insulini iligunduliwa Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921. Lakini kwa miaka mingi baadaye mgonjwa aliyekuwa nyumbani alipima mkojo tu, na mkojo hauelezi sukari iliyomo damuni saa ile ile. Mashine iliyotoka Marekani mwaka 1970 ilikuwa na uzito wa kadiri ya kilo moja. Nani angeitia katika mfuko wa kanzu? Ya leo huenea kiganjani, na vitu vyake vyote vyaingia katika mkoba mmoja wa zipu usiozidi kitabu kidogo.

Ndani ya mkoba huo na mtiwe mashine; chupa ya vile vipande vyembamba vinavyotiwa tone la damu, ambavyo wengi huviita stripu; kalamu ya kutobolea kidole na visindano vyake vichache; pamba kidogo; na kichupa kigumu chenye kifuniko cha kutilia visindano vilivyokwisha kutumika, visije vikamchoma mtoto au mfagiaji. Kisha itiwe sukari au unga wa glukosi, na kijikaratasi chenye jina la mgonjwa, maradhi yake, dawa zake na namba ya simu ya nyumbani. Mkoba uwekwe pale pale penye funguo za mlango, na kila usiku baada ya Isha ukaguliwe, kilichopungua kirudishwe.

Stripu ni vitu vya kutunzwa sana, hasa kwetu pwani, kwa kuwa joto na unyevu wa hewa huziharibu, na iliyoharibika hutoa hesabu ya uongo. Zisitolewe katika chupa yake zikafungwa karatasini. Chupa ifungwe mara tu itolewapo moja. Zisiachwe ndani ya motokari iliyo juani, wala karibu na jiko, wala zisitiwe katika friji. Safarini, mkoba ukae mapajani mwa mwenyewe, si katika buti ya basi. Na mwenye kuingia msikitini asiuache mlangoni pamoja na viatu.

Kabla ya kupima, mikono ioshwe kwa maji na sabuni na ikaushwe. Aliyetoka kumenya embe au kula tende, kisha akajitoboa bila ya kunawa, huenda akaona sukari nyingi isiyokuwamo damuni mwake. Tena kalamu ya kutobolea ni ya mtu mmoja tu. Baba na mama wasiishiriki ijapokuwa wana maradhi mamoja, kwani homa ya ini huweza kupita kwa tone la damu lisiloonekana kwa macho.

Sasa tutazame hatari yenyewe. Mwenye kutumia insulini, au baadhi ya vidonge vya sukari, akichelewa kula au akifanya kazi nzito, sukari yake huweza kushuka. Hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, na maneno yake huchanganyika. Watu waliomzunguka wasipojua, mmoja atasema amelewa, mwingine atasema amepagawa na jini, na huku wakati unapita. Hapo ndipo mkoba unapookoa maisha. Hesabu ikiwa chini ya 3.9, au chini ya 70 kwa mashine zenye kipimo cha pili, na anywe maji yaliyotiwa kijiko kimoja kikubwa cha sukari, angoje dakika 15, kisha apime tena. Ikiwa bado, arudie. Halua haifai kwa wakati huo, kwa sababu samli yake huichelewesha sukari kuingia damuni. Ikiwa hakuna njia ya kupima, apewe sukari bila ya kungoja. Na akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali.

Twarudi kwenye ile sababu ya pili. Kijana huona haya kupima mbele ya wenzake. Na msichana anayetafutiwa mchumba huambiwa na jamaa zake aufiche mkoba, watu wasije wakajua. Enyi wazazi, hii ni nasaha mbaya! Maradhi si dhambi wala si aibu. Anayefichwa leo ndiye atakayeanguka kesho mahali pasipo na ajuaye la kumfanyia. Mwalimu wa shule na wa madrasa na waambiwe, na mkoba ukae na mtoto mwenyewe, si katika kabati la mwalimu lililofungwa. Ndugu zake nao wafunzwe ulipo na jinsi ya kuutumia.

Wengine huuacha mkoba mwezi wa Ramadhani, wakidhani kujitoboa kidole hubatilisha saumu. Wanavyuoni wa leo wameeleza kuwa hakubatilishi. Na matabibu wanasema kuwa hesabu ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, yaani chini ya 70 au juu ya 300, mgonjwa afungue mara ile ile, ijapokuwa zimebaki dakika chache adhana isikike. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa, na kuipokea ruhusa Yake si upungufu wa imani. Lililo bora ni kumwendea tabibu kabla ya mwezi kuandama, ili ajulikane ni nani awezaye kufunga na ni nani asiyeweza.

Basi aliye na mgonjwa nyumbani mwake na amsaidie usiku huu huu kuitoa mashine kabatini, na kesho asimwache kutoka mlangoni bila ya mkoba wake. Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu. Amin.