Kipapatio Hakidai Karai

Kuna watu hawali kuku wa eafraya mpaka kwanza wamtukane aliyempika. Ni wavivu, wanasema. Ni wazungu weusi. Ni wanawake wa siku hizi, ambao mashine zinawapikia, zinawafulia, na kesho zitawazalia. Wakishamaliza hotuba hiyo wanavuta sahani, wanakula vipapatio sita, na mifupa wanayoiacha haina hata ukucha wa nyama.

Idi iliyopita mjomba mmoja aliinua kipande, akakigeuza kama anayekagua noti bandia, akauliza, "Hiki kimepikwa au kimepashwa?" Nikamwambia, "Kimepikwa, mjomba." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwanangu, chakula ni mkono wa mama. Hii ni hewa tu."

Haya, tuuzungumze huo mkono wa mama, maana unasifiwa sana na watu wasioutazama. Wa mama yangu, wa kulia, una madoa kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko. Hakuungua siku moja ikapita. Ni tone hili leo na tone lile mwezi ujao, kila kipande chenye maji kilipotumbukizwa kwenye mafuta ya moto, kwa zaidi ya miaka thelathini, sikukuu kwa sikukuu. Wageni wakiwa sebuleni wanacheka, yeye yuko uani na karai, kanga imefungwa kifuani, jasho linamchuruzika. Akija kukaa, kuku amepoa na hadithi nzuri zimeshasimuliwa. Sijawahi kumsikia mtu anayeusifu mkono wake akitaja hayo madoa. Wanasifu ladha, mkono wenyewe wanamwachia mwenyewe.

Na ladha hiyo inatoka wapi? Si kwenye karai. Ngozi ya kuku haiwezi kukauka na kuwa kahawia wakati bado ina maji, kwa sababu maji yanachemka kwenye nyuzi 100 na, yakiwapo, hayaruhusu ngozi ipande juu sana ya hapo. Ule ukahawia na ile harufu inayomwita jirani vinahitaji nyuzi 140 hivi na zaidi. Mkemia wa Kifaransa Louis-Camille Maillard alieleza mwitiko huo mwaka 1912. Mafuta ya moto yanafukuza maji haraka, ndiyo yale mapovu na ndiyo yale matone yaliyoutia mkono wa mama madoa. Eafraya inafukuza maji hayohayo kwa njia nyingine: waya wa moto juu, feni inayosukuma hewa kwa kasi, kikapu chenye matundu ili hewa ipite pande zote. Kwa maneno mengine, ni oveni ndogo yenye upepo mkali.

Kwa hiyo ujuzi haujaenda popote. Anayetupa vipapatio vinavyochuruzika maji ndani ya eafraya atatoa vipapatio vilivyochemka, na atastahili kuchekwa. Mpishi anavifuta kwa kitambaa hadi kitambaa kirudi kikavu. Anavipaka chumvi, na kwa kila nusu kilo anatia kijiko kimoja cha chai cha bekingi pauda (si bekingi soda, ambayo itakuachia uchungu mdomoni), kwa sababu inapunguza asidi kwenye ngozi na kuusaidia ukahawia uje mapema. Anaviacha kwenye friji usiku kucha bila kuvifunika, ngozi ikauke mpaka ionekane kama karatasi. Kesho yake anavipanga safu moja, vikipeana nafasi, nyuzi 200, dakika 20 hadi 25, akivigeuza katikati. Ndimu na pilipili vinakuja mwisho, vikishatoka, maana ukivitia mapema umerudisha maji uliyoyahangaikia usiku mzima. Anayeuita huu uvivu aniambie yeye alianza lini kuandaa chakula cha leo tangu jana.

Siwateti wauzaji. Hao nina ugomvi nao wa pekee. Tangu Philips ilipoitoa mashine hii sokoni mwaka 2010, tumeuziwa maneno mawili: kukaanga, na bila mafuta. Yote mawili ni ya uongo. Kukaanga ni kitenzi chenye mafuta ndani yake. Ukiondoa mafuta, unaoka. Na kipapatio hakijawahi kuwa bila mafuta, kwa kuwa kina ngozi nyingi. Vuta kikapu baada ya dakika 25 utazame chini: kuna vijiko viwili vitatu vya mafuta vilivyotoka kwa kuku mwenyewe. Ndiyo yaliyoipa ngozi ukakamavu wake. Tangazo linalomwonyesha dada mwembamba akila vipapatio kumi kwa sababu eti ni vya afya linamdanganya, na kibaya zaidi linamfanya aone aibu kwa chakula alichokulia.

Lakini kosa la tangazo halimpi mjomba haki. Tukirudi nyuma kidogo, kipapatio chenyewe kilikuwa cha nani? Kwenye nyumba nyingi nilizokulia kuku aligawanywa kwa cheo. Firigisi na paja vilikwenda kwa baba au mgeni. Kidari kilifuata. Shingo, miguu na vipapatio vilibaki kwa watoto na kwa aliyepika. Hata Marekani kilikuwa kipande cha kutengenezea supu, mpaka mwaka 1964, ambapo, kama inavyosimuliwa, Teressa Bellissimo wa baa ya Anchor mjini Buffalo alivikaanga na kuvimwagia sosi ya pilipili na siagi. (Ndiyo, kwenye mafuta mengi. Sijasema karai halipiki.) Sasa kipande cha aliyepika kimepanda cheo, kinauzwa kwa sahani kwenye mabaa ya Dar es Salaam, na wale waliokuwa na firigisi yao wamekifuata huko. Sina kinyongo na hilo. Ninachokataa ni wao kukitaka kipande na bado kudai aliyekipika aungue ndipo kihesabike.

Wengine wana hoja ya maana zaidi: eafraya ni ya wenye nacho. Ni kweli, bei yake si mchezo, na umeme ukikatika inabaki pambo la kabati. Ila tusidanganyane kuhusu matumizi. Mashine ya wati 1,500 ikiwaka dakika 25 bila kupumzika hata mara moja haifikishi theluthi mbili ya uniti. Mkaa nao si bure, na gharama yake haiishii dukani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa uchafuzi wa hewa ya majumbani, moshi wa kuni na mkaa ukiwamo, ulichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Mjomba anaunga mkono mkakati huo. Nimemsikia akiupigia makofi mbele ya televisheni. Umeme ulipoingia jikoni kwa dada yangu ndipo alipokumbuka utamaduni.

Mahali pamoja nitamwachia ushindi. Kuku wa kienyeji, yule aliyetembea maisha yake yote, hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi wala nyama ya kulainika kwa dakika 25. Ukimtia kwenye eafraya akiwa mbichi utatafuna kamba. Huyo chemsha kwanza na tangawizi na chumvi hadi alainike, mkaushe vizuri, kisha ukitaka mpeleke kwenye kikapu, ukitaka mpeleke kwenye karai. Na kama ni karai, mjomba, apron iko nyuma ya mlango wa jikoni, na mafuta yapo juu ya kabati.