Optane ilikufa, keneli haijasahau

Wasee, tusidanganyane. Kila nikitaja memori isiyosahau, lazima mtu aseme, "Hiyo si ilikufa na Optane?"

Zii. Kilichokufa ni biashara. Intel ilianza kuuza Optane za kuchomekwa pale pa RAM mwaka wa 2019, na 2022 ikatangaza inafunga. Lakini Linux ilikuwa imejipanga tangu toleo la 4.2, 2015. Huo msimbo bado uko.

Shuleni tulikariri: stima ikipotea, RAM inasahau kila kitu. Hii haisahau. Keneli inaitambua, inaigawa sehemu, inakupa /dev/pmem0. Weka ext4 au XFS yenye DAX, na programu inasoma na kuandika kwenye memori moja kwa moja, bila nakala ya katikati.

Si uchawi. Data iliyobaki kwenye kache ya prosesa inaweza kupotea na stima. Programu lazima iisukume hadi kwenye memori yenyewe. Hapo ndipo kazi iko, na hapo ndipo wengi wanahepa.

"Sina hiyo mashine." Huihitaji! Ukiwa na RAM ya 16GB, ongeza memmap=4G!12G kwenye amri za kuwasha Linux. Keneli itashika 4GB za RAM ya kawaida na kuzichukulia kama pmem. Stima ikienda zitasahau, sawa, lakini wewe utakuwa umejifunza.

Sisi tunaozimiwa stima katikati ya kazi ndio tungekuwa wa kwanza kusoma hii kitu. Msimbo uko wazi, bure. Tunangoja nani?