Imani Inayofundishwa Uani

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia uji wa mtoto, ada za shule na mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Juma hili nataka tuingie katika jambo ambalo nalo ni la nyumbani, ijapokuwa wengi hudhani ni la kanisani tu: namna Mkristo wa kawaida, asiye padre wala mchungaji, anavyomlea mwenziwe katika imani mpaka naye aweze kusimama.

Bwiza ni mtaa unaofaa kwa mazungumzo hayo. Nyuma ya lango moja huishi kaya nne au tano, na aghalabu bomba huwa moja, choo kimoja na kamba ya kuanikia nguo moja. Katika parseli ya namna hiyo imani haina pa kujificha. Mtu akisali kwa sauti usiku, na asubuhi akamtukana mpangaji mwenziwe kwenye foleni ya maji, majirani wamemsikia mara mbili. Padre humwona mwumini wake Jumapili kwa saa moja na nusu. Mama wa chumba cha pili humwona siku zote saba, akiwa na njaa, akiwa na deni, akiwa amekasirika. Ndiyo sababu mama huyo, hata kama hakumaliza shule ya msingi, anaweza kufundisha mambo ambayo mimbari haiyafikii.

Wakatoliki wa pande zetu na wa Kongo huita kundi hilo dogo la majirani shirika. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliziweka jumuiya ndogo ndogo mbele ya kazi nyingine za uchungaji. Ndugu zetu Waprotestanti wana vikundi vyao vya nyumbani. Majina hutofautiana, kazi ni ile ile.

Wala si kazi mpya. Novemba 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda, wakakaa Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, hadi Julai 1885. Karibu miaka mitatu hapakuwa na padre. Waliporudi walikuta wanafunzi wameongezeka. Ni nani aliyewafundisha? Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu. Noe Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu kule Mityana. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, ambaye msomaji askari angemwita leo kiongozi wa bendi. Kaggwa aliuawa tarehe 26 Mei 1886, na chuki ya Katikiro dhidi yake ilitokana na kwamba aliwafundisha dini watoto wa Katikiro mwenyewe. Usiku wa kuamkia siku hiyo, Karoli Lwanga aliwabatiza vijana wa ikulu waliokuwa bado katika mafunzo, Kizito akiwa miongoni mwao. Lwanga mwenyewe alikuwa na miezi sita tu tangu abatizwe.

Kwa upande wa Waprotestanti, uamsho ulioenea Rwanda, Burundi na Uganda katika miaka ya 1930 ulianza kwa mazungumzo ya watu wawili huko Kampala mwaka 1929: daktari Mwingereza, Joe Church wa hospitali ya Gahini, na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyepata kuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Nsibambi hakuwekewa mikono ya uchungaji. Alivaa kanzu, akatembea na kuwauliza watu habari za roho zao. Uamsho huo ulipofika kwetu, katika vituo kama Buhiga na Matana, alama yake moja ilionekana hata na wasioamini: watu walirudisha walichoiba. Mimi naithamini alama hiyo kuliko kelele na machozi ya mikutano, kwa kuwa mtu anaweza kulia bila kubadilika, lakini ni vigumu kurudisha jembe la jirani bila kubadilika.

Hapa hatuna budi kusema neno zito. Nchi yetu ilikuwa na makanisa yaliyojaa mwaka 1972, na yakajaa zaidi mwaka 1993. Hata hivyo waliobatizwa kwa maji yale yale waliuana. Mwishoni mwa Machi 1995 mauaji yaliingia Bwiza na Buyenzi, mitaa ambayo hadi wakati huo watu wa makabila yote walikuwa bado wakiishi pamoja, na maelfu wakakimbia, wengi wakivuka mpaka kwenda Zaire. Hesabu ya waliobatizwa haikutuokoa. Tulikuwa na waumini wengi, na wanafunzi haba.

Tofauti ya mambo hayo mawili ilionekana Buta, mkoani Bururi, alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997. Waasi waliingia katika seminari ndogo, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wakakataa. Waliuawa 40. Hawakuupata ujasiri huo alfajiri ile. Walezi wao walikuwa wametumia miaka ya vita wakiwaweka pamoja mezani, kiwanjani, katika ngoma na katika sala, na wakiwaachia wazungumze waziwazi juu ya ukabila, jambo ambalo nyumba nyingi ziliogopa hata kulitaja. Uanafunzi ndio huo: kuzoezwa kidogo kidogo, kabla siku haijafika.

Kabla ya vita hivyo, katikati ya miaka ya 1980, waumini wa nchi hii walipata mtihani wa namna nyingine. Serikali ya wakati ule ilizuia ibada za siku za kazi, ikafunga shule za katekesi za Yaga Mukama, na mabaraza ya waumini yaliyoitwa Inama Sahwanya yakapigwa marufuku. Vizuizi viliondolewa baada ya mabadiliko ya Septemba 1987. Katika muda huo mtoto aliyejifunza sala siku za kazi alijifunza kwa mama yake, jikoni, ndagala zikikaangwa.

Sasa tuje kwenye utendaji. Mimi nimesomea ualimu, na chuoni tuliambiwa kwamba somo halijafundishwa mpaka mwanafunzi aweze kulifanya peke yake. Vikundi vingi vya nyumbani huanguka hapo. Mmoja husoma, mmoja hueleza kwa urefu, wote huitikia amina, kisha hutawanyika. Juma la pili huletwa somo jipya, na hakuna aliyeulizwa la kwanza liliishia wapi. Kikundi kinacholea wanafunzi husoma kifungu kifupi, kila mtu akasema atakachofanya kabla hawajakutana tena, na wakutanapo huulizana kwanza juu ya hicho. "Ulisema utalipa deni la duka. Umelipa?" Swali hilo moja, likiulizwa kwa upole na mtu ambaye naye huulizwa, lina kazi kubwa kuliko hotuba. Watu watano au sita wanatosha. Wakizidi kumi na wawili, wanyonge huanza kunyamaza.

Msomaji ambaye mumewe ni askari au polisi ana mambo yake ya kuangalia. Tangu Desemba 2007, wanajeshi wetu walipoanza kwenda Somalia, wake wengi walikaa miezi mingi peke yao na watoto, na fedha za ujumbe huo hazikufichika mtaani. Popote penye upweke na fedha hujitokeza pia "nabii" mwenye bahasha. Nasema waziwazi: anayetaka malipo ili akuombee mumeo arudi salama hakulei, anakuvuna. Anayekukataza kumpeleka mtoto mwenye homa zahanati, mfungulie mlango atoke. Na anayekutaka usimwambie mumeo kuhusu kikundi, huyo ameanza kuivunja nyumba kabla hajafundisha neno.

Mume naye apigiwe simu aelezwe: tunakutana nyumbani kwa fulani, siku fulani, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu. Nyumbakumi naye afahamishwe, asije akasikia kwa wengine. Siri za ndoa na za kazi ya mume zibaki nyumbani. Kuungama kwa jirani si kumwaga kila kitu. Nyimbo ziimbwe kwa sauti ya kiasi, maana chumba cha pili yumo polisi aliyelinda usiku kucha, na ng'ambo ya ukuta yumo jirani Mwislamu ambaye ana haki ya utulivu wake. Jirani huyo hatavutwa na kipaza sauti. Akivutwa, atavutwa na kwamba siku alipofiwa, wale wa kikundi ndio waliomchotea maji bila kuitwa.

Wengine huniambia kwamba kikundi cha mke wa askari hakidumu, kwa kuwa amri ya uhamisho huja wakati wowote. Mimi naona kinyume. Mwanamke aliyeulizwa na kuuliza kwa miaka miwili katika parseli ya Bwiza, akihamia Ngozi au Gitega, hahitaji barua ya kumtambulisha. Atafika, atafungua mizigo, atauliza bomba liko wapi, na kwenye bomba hilo atamkuta mwanamke mwingine mgeni kama yeye, ambaye mumewe yuko lindoni na mtoto wake hajala.