Mdeni na mdai katika safu moja

Sala ya alasiri ilikuwa imekwisha, watu wamepeana mikono na kutawanyika, na mwadhini alikuwa akizima mapangaboi, nilipomwona mwalimu mwenzangu mmoja angali ameketi karibu na nguzo ya nyuma, kichwa amekiinamisha. Nilidhani yu mgonjwa. Nilipomkurubia akanitolea karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya uradi wa Kiarabu, pamoja na maelezo ya Kiswahili kwamba usomwe mara elfu moja kila usiku kwa muda wa siku arubaini, na milango ya riziki itafunguka. Karatasi hiyo aliuziwa kwa shilingi mia tano. Shilingi mia tano zenyewe alizikopa.

Tangu siku hiyo kadhia hii ya sala na ukata haijanitoka akilini, na leo ningependa kuizungumza na wasomaji, hususan walimu wenzangu na wanafunzi wetu. Sisi ndio tunaoifundisha dini darasani na madrasani, nami nina shaka kubwa kwamba katika jambo hili tunaifundisha nusu nusu.

Kisa cha mwenzangu kilinikumbusha kingine, kilichopokewa na Abu Said al-Khudri na kuhifadhiwa katika mkusanyo wa Abu Dawud. Siku moja Mtume Muhammad (SAW) aliingia msikitini wakati usiokuwa wa sala, akamkuta mtu wa Madina, jina lake Abu Umama, ameketi peke yake. Alipomuuliza kilichomweka pale saa ile, Abu Umama alijibu kuwa ni majonzi na madeni. Ndipo Mtume akamfunza dua ya kusoma asubuhi na jioni. Wanazuoni wamejadiliana kuhusu nguvu ya sanadi ya kisa hicho, lakini dua yenyewe, kwa maneno yanayokaribiana sana na hayo, imepokewa na Anas bin Malik katika Sahihi ya Bukhari, na si wachache miongoni mwa watoto wa madrasa katika mwambao wetu wanaoihifadhi kabla ya kubaleghe.

Aghalabu huihifadhi bila ya kuambiwa kilichomo. Nakiri kwamba nami nimekuwa mwalimu wa namna hiyo kwa miaka mingi: mtoto akiisoma bila ya kukwama, namsifu, naye anaketi. Lau ningesimama kidogo ningemwonyesha kwamba mwenye kuiomba dua hiyo hujikinga kwa Mwenyezi Mungu na mambo manane, nayo yamepangwa mawili mawili. Kuna wahaka na huzuni, kisha kutojiweza na uvivu, kisha ubahili na woga. Deni linakuja la saba, na la nane ni kule kushindwa nguvu na watu.

Mpangilio huo unahitaji kutazamwa kwa makini. Mtu aliyelemewa na deni anafunzwa kwanza aombe kinga ya yale yanayomla moyoni, kwa maana asiyelala usiku kwa mawazo hawezi hata kupiga hesabu ya anachodaiwa. Halafu anafunzwa ajikinge na uvivu. Sasa, itakuwaje mja asimame asubuhi na jioni akiomba aepushwe na uvivu, kisha ajinyooshe mkekani kungojea riziki imwangukie kutoka darini? Dua inamfunga mwombaji kabla ya kumfungua. Tena mna ubahili humo ndani, ambao si maradhi ya fukara peke yake. Ni maradhi ya mwenye nacho zaidi, naye huisoma dua iyo hiyo katika safu ile ile. Na lile la nane, kushindwa nguvu na watu, linamhusu mwenye mkono mzito, ajue kwamba yuko mtu ambaye kila machweo anamwomba Mungu amkinge naye.

Karatasi ya shilingi mia tano haikumtaka mwenzangu chochote ila kuhesabu. Sisemi kwamba kila uradi ni ulaghai. Nyanya yangu aliishi na nyiradi zake mpaka akafa, na hakumuuzia mtu hata mmoja.

Kitu ambacho mafukara wengi hawasemi ni kwamba deni huanza kumharibu mtu tabia kabla halijammaliza mali. Bi. Aisha, mkewe Mtume, alisimulia kwamba Mtume alikuwa akiomba ndani ya sala akingwe na dhambi na deni. Mtu mmoja alistaajabu kwa wingi wa kujikinga huko na deni, akauliza sababu. Akaambiwa kwamba mtu akishakuwa na deni, anaposema husema uwongo, na anapoahidi huvunja ahadi. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Wakati nilipokuwa kijana niliiona kuwa kali mno. Baadaye niliona mwenyewe. Niliona wazee wenye heshima zao wakimtuma mtoto mlangoni aseme, "Baba hayuko," ilhali kikohozi cha baba kinasikika hadi barazani. Mtoto huyo kesho yake yuko darasani kwetu, nasi tunamfundisha ubaya wa uwongo.

Mwenzangu naye alinieleza jambo lililonichoma zaidi ya hilo la karatasi. Alisema kwamba ule ulikuwa msikiti wake wa tatu katika mwaka mmoja. Wa kwanza aliuacha kwa kuwa mwenye duka anayemdai unga na sukari husali safu ya mbele. Wa pili akauacha kwa sababu iyo hiyo, ila mdai ni mwingine. Ikiwa hivyo ndivyo mambo yalivyo, basi pale tunapojisifu kwamba Uislamu humsimamisha tajiri na maskini bega kwa bega, wako watu ambao bega hilo linawafukuza, na sisi tuliobaki safuni hatujui hata kwamba wameondoka. Tunadhani imani imewapungua.

Zama zetu hizi zimeongeza lao. Zamani mdai alikuwa mtu mwenye uso. Ungeweza kumwendea, ukamlilia hali, akakuongezea mwezi. Siku hizi mkopo unapatikana kwa kubonyeza simu usiku wa manane, riba ukiipenda usiipende, na arifa ya kukumbushwa inaingia hata wakati umesujudu. Kabla ya sheria iliyotiwa saini Desemba 2021, iliyowaweka wakopeshaji wa simu chini ya Benki Kuu ya Kenya, na kanuni za mwaka 2022 zilizofuata, wako waliokuwa wakiwapigia simu jamaa na wakubwa wa kazi wa mdeni ili kumuaibisha. Kanuni hizo zimepiga marufuku mwenendo huo. Hata hivyo kanuni haikuondoa njaa inayomfanya mtu akope kwa huyu ili amlipe yule, wala haikumtuliza mcha Mungu anayejua fika kwamba riba imeharamishwa na bado mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa karo.

Hapa ndipo mahatibu wetu wanaponiudhi, nami nasema haya kwa heshima zote. Ijumaa hadi Ijumaa mwenye dhiki huhubiriwa subira. Subira ni nguzo, hapana Mwislamu atakayeibisha. Lakini mbona mdai hahubiriwi aya ya 280 ya Suratul Baqara, inayoagiza kwamba mdeni mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi? Mbona aya ya 60 ya Suratut Tawba, inayotaja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, husomwa kwa haraka pale inapofika kwa wadeni, kana kwamba fungu hilo lilikuwa la Waarabu wa kale? Mwenye akiba ifikayo thamani ya takriban gramu 85 za dhahabu, ikapitiwa na mwaka, hutoa asilimia mbili u nusu. Ni wangapi wanaoipeleka zaka hiyo kwa mwalimu anayedaiwa dukani?

Twaona kila Ramadhani foleni ndefu za masikini mbele ya maduka ya miji yetu, kila mmoja akipokea sarafu chache na kupita. Simlaumu atoaye, na Mungu amlipe. Ila mwalimu hatasimama kwenye foleni ile, kwa kuwa wanafunzi wake watamwona. Mjane aliyejisitiri hatasimama. Atakayesimama ni yule aliyekwisha kuzoea, au aliyekwisha kukata tamaa ya kuonewa haya, na sarafu ile haimtoi katika deni lolote. Zaka iliyogawanywa vipande mia hamsini haimwinui mtu. Ile ile ikikusanywa ingeweza kufuta daftari la dukani la nyumba nzima.

Liko tukio jingine ambalo ningeomba kila mwalimu wa somo la dini alisimulie darasani. Salama bin al-Akwa anaeleza kwamba ililetwa jeneza mbele ya Mtume ili alisalie. Akauliza kama marehemu ana deni. Akaambiwa ndiyo, dinari tatu, na hakuacha kitu cha kulilipia. Mtume hakusali. Aliwaambia masahaba wamsalie mwenzao. Hapo Abu Qatada akajitokeza, akasema deni lile liwe juu yake, ndipo Mtume akamsalia maiti. Tunapolifundisha tukio hili huishia kuwatisha watu kuhusu uzito wa deni, na uzito upo. Lakini hebu tutazame kilichotokea pale. Sala ya mtu mbora kuliko wote ilisimama ikingojea dinari tatu, na aliyezitoa ni mmoja wa waliokuwa safuni. Abu Huraira naye anasimulia kwamba baadaye, dola ya Madina ilipopata uwezo, Mtume alitangaza kwamba atakayekufa na deni, yeye ndiye atakayelilipa. Jambo lililokuwa la hisani ya mtu mmoja likawa dhamana ya umma.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kuniuliza swali ambalo sikulijibu vyema. "Maalim," alisema, "ikiwa dua hujibiwa, mbona baba anaamka kusali tahajudi kila usiku, nami narudishwa nyumbani kila muhula?" Nilimjibu kama nilivyofunzwa: kwamba mwenye kuomba ama hupewa alichoomba, ama huepushiwa shari iliyo mfano wake, ama huwekewa akiba huko akhera. Jibu hilo ni sahihi wala silikani. Lakini nilipomtazama usoni nilitambua kwamba nimemwacha pale pale nilipomkuta, na tena sasa ana haya ya kuuliza mara ya pili.

Leo ningemwambia kwamba ufukara wa baba yake si dalili ya kughadhibikiwa. Mtume mwenyewe alifariki dunia deraya yake ya chuma ikiwa rehani kwa Myahudi mmoja, kwa pishi 30 za shayiri alizochukua kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake. Nani atathubutu kusema dua zake hazikusikilizwa? Ningemwambia pia kwamba huenda riziki ya baba yake imekwisha kuteremshwa, nayo imekwama mfukoni mwa jirani aliyezuia zaka yake. Na ningemsomea maana ya aya ya 10 ya Suratul Jumua, inayowaamrisha waumini, sala ikishamalizika, watawanyike katika ardhi watafute fadhila za Mola wao. Amri ya kutoka msikitini imefuatana unyo kwa unyo na amri ya kuingia.

Najua yuko atakayesema kwamba nimeigeuza sala kuwa chama cha akiba na mikopo. La hasha. Nilimwona mwenzangu pale nguzoni, na najua kwamba zile rakaa nne ndizo zilizokuwa dakika pekee za siku nzima ambapo hakuna aliyemwita mdeni. Hilo peke yake ni jambo kubwa, na asiyewahi kudaiwa hawezi kulipima. Machi 2020, misikiti ilipofungwa kwa ajili ya korona, walimu wengi wa madrasa walipoteza ada ndogo waliyokuwa wakiitegemea, na wengi wao watakwambia kwamba kilichowaumiza sawa na ukosefu wa fedha ni kukosa mahali pa kwenda kusimama na wenzao. Ilipofunguliwa tena Julai, kwa watu wasiozidi mia moja na kwa saa moja tu, walipanga foleni juani.

Ninachokitaka ni kidogo. Kamati za misikiti yetu hukusanya fedha za mazulia, za rangi na za vipaza sauti, na hapana anayeona ajabu. Ziweke pia mfuko wa wadeni, unaosimamiwa na watu watatu wanaojua kufunga midomo yao, utoao mkopo usio na riba kwa aliye na njia ya kulipa, na zaka kwa asiye nayo. Sisi walimu nasi, tunapofundisha dua ile ya Abu Umama, tusimalize kipindi kabla ya kufika jambo la nane.

Mwenzangu sikumpa dua mpya. Nilimwomba ruhusa, akakubali shingo upande, nikaenda pamoja na mzee mmoja wa mtaa kwa yule mwenye duka wa msikiti wa kwanza. Tulimkuta akifunga milango. Alitusikiliza, akafungua daftari, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Kumbe ndiyo sababu simwoni msikitini?" Walikubaliana shilingi elfu mbili kila mwezi, na hajakosa mwezi hadi sasa. Deni la pili bado hatujalipatia njia.