Samaki wenu hawafi kwa uchafu, wanakufa kwa usafi

Wadau, kuna ugonjwa umeingia kwenye ofisi na sebule za mjini. Kila Jumamosi samaki wanatolewa kwenye tangi lao la kioo, wanamwagwa kwenye beseni la maji ya bomba, halafu tangi linasuguliwa kwa sabuni ya unga mpaka linang'aa. Changarawe zinaoshwa, sponji ya chujio inakamuliwa chini ya bomba. Jumatatu wawili wanaelea. Mtu mzima na digrii yake anasema: "Samaki wa siku hizi hawana nguvu."

Hawana nguvu? Mmewaua!

Samaki anatoa amonia, hasa kupitia matamvua, na amonia hiyo ni sumu kwake. Wanaomwokoa ni bakteria wanaoishi kwenye sponji na changarawe. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Jingine linageuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na makali hayo. Katika tangi jipya bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujijenga. Wewe unawafyeka kwa dakika 10, kwa sababu klorini imewekwa kwenye maji ya bomba ili iue vijidudu. Haichagui. Na matamvua ya samaki inayaunguza.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: kuna ofisi moja, dada wa usafi alikatwa mshahara kwa sababu ya samaki waliokufa. Alipewa beseni, sabuni na amri, basi. Bosi aliyenunua tangi ili awakoge wageni hakumweleza lolote, maana na yeye hajui lolote. Ndivyo tulivyo, kosa la juu linalipwa na wa chini.

Jamani, kwa usafi wa kawaida samaki hahamishwi! Unabadilisha robo ya maji, unavuta uchafu wa chini kwa mpira, sponji unaisuuza kwenye hayo hayo maji uliyoyatoa. Kuhamisha ni pale tangi linapovuja au linabadilishiwa mahali. Hapo unachukua ndoo isiyowahi kuguswa na sabuni, unajaza maji ya tangi lenyewe, unaweka pampu ya hewa na kufunika, maana wanaruka. Chujio nalo libaki kwenye maji hayo. Wakati wa kuwarudisha, waongezee maji mapya kidogo kidogo kwanza, yakiwa yameshatiwa dawa ya kuondoa klorini. Kuacha ndoo wazi saa 24 kunasaidia kwa klorini ya kawaida, ila kloramini haiondoki hivyo.

Cha kuchekesha, baadhi ya samaki wanaofugwa kwa heshima zote huko Ulaya asili yao ni kwetu. Tropheus anapatikana Ziwa Tanganyika tu, mbuna ni wa Ziwa Nyasa. Mfugaji wa Ujerumani anapima pH ili maji yake yafanane na ya Kigoma, yanayozidi 8.5. Sisi wenye ziwa tunawapikia povu.

Kwa hiyo bosi, mrudishie dada wa watu hela yake. Kisha nunua ndoo mbili na chupa ya dawa ya klorini, na ubavuni mwa kila ndoo andika kwa kalamu nene: SABUNI MARUFUKU.