Nani Kasema Injini Haiundwi Uani?

Hapa Johannesburg, mwambie mtu kwamba unaunda injini ya pikipiki nyumbani, tangu chuma kikiwa motoni. Jibu utalijua kabla hajafungua mdomo: hiyo kazi ya Wajapani, sisi kazi yetu kununua. Mtanzania wa mtaa wa Yeoville atakuambia hivyo, na Mkongomani jirani yake vilevile. Ni uongo, na uongo huu una kwao.

Mwaka 1926 bunge la Afrika Kusini liliirekebisha Sheria ya Migodi na Mitambo ya 1911, na vyeti vya ufundi wa mitambo migodini vikawa vya Wazungu na watu wa mchanganyiko wa rangi. Mtu mweusi aliyechimba dhahabu chini ya mji huu hakuruhusiwa kupata cheti cha kuendesha mtambo uliomshusha na kumpandisha. Ubaguzi huo ulidumu katika sheria hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo maneno "injini si ya mikono yako" yalikuwa amri ya serikali. Leo tunayarudia bure, kana kwamba ni hekima ya wazee.

Chuma chenyewe hakijui kiwanda. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, joto ambalo tanuri la mkaa lenye feni hulifikia. Pistoni kuukuu zinayeyushwa, zinamiminwa kwenye kalibu ya mchanga, kisha zinakerezwa hadi kati ya pistoni na silinda ibaki nafasi nyembamba kuliko unywele. Kazi ngumu iko hapo, kwenye kipimo. Na Kiswahili kina vitenzi vyake vya kazi hii, kusubu na kukereza. Lugha ya watu wa kununua tu ingevipata wapi?

Mfano upo. Burt Munro wa Invercargill, New Zealand, alinunua pikipiki aina ya Indian Scout mwaka 1920, yenye mwendo wa kama kilomita 90 kwa saa. Kwa miongo mingi aliibadilisha injini yake ndani ya kibanda alichoishi. Pistoni alizisubu mwenyewe, makopo yakiwa kalibu. Konrodi alizichonga kutoka kwenye ekseli ya trekta. Zilimvunjikia mara nyingi, naye akaunda nyingine. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliweka rekodi ya dunia ya daraja lake katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani: zaidi ya kilomita 295 kwa saa.

Wapo watakaosema plagi na beringi utanunua tu, basi umeunda nini? Viwanda vikubwa navyo hununua plagi na beringi kwa wengine, na hakuna anayeviambia havijaunda injini. Wengine watasema ya dukani ni rahisi zaidi. Kweli, ni rahisi. Lakini anayeunda hatafuti kumshinda Honda kwa bei. Anatafuta maarifa ambayo duka haliuzi.

Maarifa hayo yana kazi hapa Johannesburg. Mji huu uko kama mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Injini ya kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam ikifika hapa hupoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu zake na kutoa moshi mweusi, kwa kuwa petroli imezidi hewa. Fundi wa kubadilisha vipuri atauza plagi, kisha kabureta, kisha atakata tamaa. Aliyewahi kuunda injini atatia jeti ndogo ya petroli kwenye kabureta, maana anajua injini inavyopumua.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Injini ya kwanza huenda ikakwama, na ya pili ikavuja mafuta. Anza na pistoni moja. Isubu, ikereze, ipime, na ikikataa iyeyushe tena. Kijana wa jirani akisimama mlangoni kutazama, usimfukuze. Mpe kipimo ashike.