Kabati likipinda, mkulima wa miti hukosa soko

Makabati ya jikoni na milango huwekwa mwishoni mwa ujenzi, wakati mwenye nyumba ameishiwa fedha na ana haraka ya kuhamia. Fundi seremala hununua mbao zilizopo sokoni, nyingi zikiwa paina mbichi za kutoka Mufindi na Njombe. Miezi michache baadaye milango hupinda, droo hukwama na vanishi hupasuka kwenye maungio. Lawama humwangukia fundi, lakini chanzo cha hasara kiko shambani na kwenye ghala.

Mbao huanza kusinyaa unyevu wake unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi. Kwa samani za ndani, unyevu unatakiwa uwe karibu asilimia 12. Isitoshe, mti uliokatwa ukiwa na miaka 8 au 10 una sehemu kubwa ya mbao changa za jirani na kiini, ambazo hujikunja kirahisi.

Mkulima hukata mapema kwa sababu ana ada za shule na matibabu ya kulipia. Pia soko halimlipi kwa kusubiri, kwani mfanyabiashara hununua kwa idadi na vipimo, si kwa ukavu. Matokeo yake, wenye nyumba mijini wanahamia kwenye MDF, ingawa nayo huvimba ikilowa maji.

Je, kukausha kunalipa? Chukua mfano wa mbao 200 zilizonunuliwa kwa Sh5,000 kila moja, yaani mtaji wa Sh1,000,000. Zikikaa bandani miezi mitatu kwa mkopo wa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, riba ni Sh60,000. Banda na vibarua vikigharimu Sh40,000, na mbao 10 zikipasuka, kila moja ya 190 zilizobaki lazima iuzwe kwa Sh5,790 hivi. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 16 kabla ya faida.

Fundi atalipa nyongeza hiyo akithibitishiwa ukavu. Njia rahisi ni kukata kipande, kukipima, kukikausha kwenye oveni hadi uzito usishuke tena, kisha kukipima upya. Kikitoka gramu 250 hadi 200, unyevu ulikuwa asilimia 25. Mbao hizo bado hazifai kabati.

Vikundi vya wakulima vinaweza kuanza na banda moja lenye paa, mbao zikipangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Mwenye nyumba naye anunue mbao za makabati mapema, wakati wa kupaua, azihifadhi kwenye banda kavu. Nyumba ikimalizwa kupigwa plasta na kukauka, mbao nazo zitakuwa tayari kwa randa.